Guangzhou mpaka Dar ni masaa kumi ya ndege. Kwa nini mzigo wako unachukua wiki mbili?

Leo naomba tuongelee swali ambalo mimi lilinigharimu shilingi 910,000. Swali lenyewe dogo tu: kutoka Guangzhou mpaka Dar ni mbali kiasi gani, na ndege inachukua muda gani?

Jibu nilikuwa nalo. Niliandika kwenye simu nikaletewa hapo hapo: kama kilomita 8,700, ndege ya moja kwa moja inatumia masaa kumi na kitu. Namba ni sahihi kabisa, sina ugomvi nayo. Kosa ni langu, niliichukua namba ile nikampa mteja.

Nina fremu moja ndogo, nauza viatu na mikoba ya kike, na wateja wengi wananipata Instagram na WhatsApp. Mwaka ule nilikuwa bado mgeni kwenye kuagiza China mwenyewe, nilishazoea kuchukua Kariakoo. Akaja dada mmoja, ana sendoff ya mdogo wake. Anataka viatu vya dhahabu vya wasimamizi, pea 14, saizi mchanganyiko, kisigino cha wastani. Picha alinitumia yeye. Nikavipata kwa muuzaji wa Yiwu. Bei nikampa 65,000 kwa pea, akalipa zote siku hiyo hiyo, Jumatatu. Sendoff ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Yaani nina siku 12 mkononi.

Akaniuliza, "Dada, vitafika kweli?"

Nikamjibu, "Vitafika mapema sana. Kutoka China ni saa kumi tu."

Akasema sawa. Baadaye nikaja kugundua kumbe alielewa vitafika saa kumi jioni! Nikamrekebisha, tukacheka. Tangu siku ile nikiongelea muda wa safari nasema masaa kumi, mwalimu wangu wa Kiswahili anisamehe. Lakini hata baada ya kumrekebisha, bado nilikuwa sijamwambia ukweli, maana hata mimi nilikuwa siujui.

Sasa sikiliza jinsi boksi lile lilivyosafiri. Jumatatu nimelipa. Muuzaji amefunga mzigo Jumatano. Yiwu siyo Guangzhou, ni kama kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, yaani inazidi Dar mpaka Mwanza, kwa hiyo boksi limefika ghala la wakala wa mizigo Guangzhou siku ya Jumamosi. Jumapili hawakupima. Jumatatu wamepima, wakanitumia picha na kilo. Nikajua linapanda usiku huo. Kumbe wakala anasubiri mizigo ya watu wengine ijae, ndiyo apeleke uwanjani kwa pamoja. Limeondoka Alhamisi usiku, tena siyo kwa ndege ya moja kwa moja, ni kwa kupitia uwanja wa kuunganisha katikati.

Ijumaa mchana nikafungua Flightradar24, ile programu ya kuangalia ndege. Wakala alishanipa namba ya ndege inayotoka uwanja wa kati kuja Dar. Nikaiona kabisa, kindege cha njano kinatembea. Nikapiga skrinshoti nikamtumia dada: "Mzigo wako upo juu ya Kenya sasa hivi." Akanitumia vikopa vya kutosha.

Ndege ikatua. Boksi halikuwemo.

Liliachwa uwanja wa kati kwa sababu nafasi ilijaa. Lilikuja na ndege ya Jumapili, likatolewa forodha Jumanne. Sendoff ilishapita Jumamosi. Wasimamizi walivaa kila mtu kiatu chake, nimeona picha, mmoja alivaa sandozi nyeusi. Jumapili asubuhi alinipigia mama wa bibi harusi, siyo yule dada. Nilijua natukanwa. Akasema kwa upole tu, "Mwanangu, ungetuambia haiwezekani tungenunua hapa hapa." Afadhali angenitukana.

Nilirudisha hela yote, 910,000, nyingine nilikopa kwenye kikoba. Zile pea 14 niliziuza moja moja kwa 45,000, bei ambayo hata gharama hairudi.

Baadaye nilikaa chini na daftari nikahesabu. Kuanzia Jumatatu ya malipo mpaka Jumanne ya kulipata boksi ni siku 15. Ndani ya siku hizo, boksi lilikuwa hewani kama masaa 13. Kumi na tatu! Siku nyingine zote lilikuwa limekaa chini, linasubiri mtu, karatasi au nafasi.

Tuanze na hiyo safari ya hewani, maana watu wengi tunaisema bila kuijua.

Kwenye Hisabati ya kidato cha tatu kuna mada ya dunia kama tufe. Mimi niliipita nikiuliza hii itanisaidia nini. Basi imenisaidia, nimechelewa tu. Dunia ni duara, kwa hiyo umbali kati ya viwanja viwili unapimwa kwa kufuata mkunjo wa dunia, siyo kwa rula juu ya ramani ya ukutani. Digrii moja ya mkunjo huo ni kama kilomita 111. Kati ya Dar na Guangzhou ni digrii 78 na kidogo. Zidisha, unapata hizo 8,700. Ukivuta njia hiyo, katikati yake ipo karibu na pwani ya kusini ya India. Ukitaka kuielewa vizuri, chukulia barabara ya Dar mpaka Arusha, irudie mara 13, na bado hujafika.

Ndege kubwa ya abiria inatembea kama kilomita 850 hadi 900 kwa saa ikiwa juu. Gawanya, weka na muda wa kupaa na kushuka, ndiyo unapata masaa kumi hadi kumi na moja. Air Tanzania wanapiga njia hii kwa Boeing 787, ile Dreamliner, ambayo uwezo wake wa kuruka ni zaidi ya kilomita 13,000, kwa hiyo 8,700 kwake siyo tatizo. Ratiba hubadilika, hakikisha mwenyewe kabla hujamwahidi mtu.

Ila mizigo yetu mingi inapita njia ya kuunganisha. Hapa nilishangaa. Nilidhani kupitia Dubai ni mbali sana kuliko Addis Ababa, kwa sababu Addis ipo jirani. Nikahesabu. Addis na Dar zipo karibu kwenye longitudo moja, kama 39 mashariki, hesabu yake ni rahisi mno: Addis ipo digrii 9 juu ya ikweta, Dar ipo karibu digrii 7 chini, jumla kama 16, mara 111, ni kama 1,760. Guangzhou mpaka Addis ni kama 8,040. Jumla 9,800. Dubai: Guangzhou mpaka Dubai kama 5,830, Dubai mpaka Dar kama 3,980. Jumla tena 9,800! Doha inazidi kidogo, kama 10,000. Istanbul ndiyo inazunguka kweli, kama 13,300.

Kwa hiyo wakala akikuambia "sisi tunapitia sehemu fulani ndiyo karibu," mwache aongee. Kati ya Addis, Dubai na Doha tofauti ya hewani haifiki nusu saa. Tofauti ipo kwenye kusubiri pale katikati. Ndege ya kuja Dar inaondoka mara ngapi kwa wiki? Na ikijaa, mzigo wako unasubiri siku ngapi? Hilo ndilo la kuuliza.

Kuna kitu kingine kuhusu njia hii. Kwenda na kurudi hailingani. Huko juu, hasa miezi ya baridi ya kaskazini, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na unapita kusini mwa China. Ukienda China unakusukuma mgongoni, ukirudi unaukuta usoni. Mzigo wetu unakuja na upepo usoni. Ni dakika kadhaa tu, hauharibu biashara, lakini ukiona tiketi ya kurudi ina muda mrefu kuliko ya kwenda usidhani wamekosea.

Sasa saa. Hapa nawaomba msome polepole, maana hapa watu wanapoteza siku nzima bila kujua, wakati hela wameshatuma.

China ipo mbele yetu masaa matano. Tena nchi yote ile kubwa inatumia saa moja, ukiongea na mtu wa Yiwu au wa Guangzhou ni saa ile ile. Na ukitaka kuhakikisha, rudi shuleni: digrii 15 za longitudo ni saa moja. Dar ipo 39, Guangzhou 113. Toa, 74. Gawa kwa 15, inakaribia tano. Jiografia nilipata D lakini hii nimeikumbuka.

Maana yake ni hii. Muuzaji wa China akifunga ofisi saa kumi na mbili jioni kwake, hapa Dar ni saa saba mchana. Wewe unaamka, unafungua fremu, unahudumia wateja, unakula, ndiyo saa nane unatuma oda na malipo. Kwake ni saa moja usiku. Ataiona kesho. Umeshapoteza siku moja na hujatoka hata kwenye kiti. Mimi sasa oda zote za China natuma kabla ya saa nne asubuhi, kwao ni saa tisa mchana, mtu bado yupo kazini na anaweza kufunga mzigo siku hiyo hiyo. Na ikifika saa moja jioni hapa, kule imeshaingia tarehe nyingine. Kwa hiyo muuzaji akikuandikia "kesho", uliza tarehe.

Kwa wale mnaosafiri wenyewe kwenda kununua: muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa uwanja husika. Wa kuondoka ni saa ya huko unakoondoka, wa kufika ni saa ya huko unakofika. Nitatoa mfano, siyo ratiba ya ndege yoyote. Umeondoka Guangzhou saa 08:00, umefika Dar saa 13:30. Ukitoa haraka haraka unapata masaa matano na nusu, unasema kumbe karibu! Hapana. Ongeza yale matano uliyorudishiwa, ni masaa kumi na nusu. Kwenda ni kinyume. Umeondoka Dar saa 10:00, umekaa hewani masaa kumi, unatua saa 01:00 ya siku inayofuata. Mwili wako unaona ni saa mbili usiku, usingizi hauji, na kesho asubuhi unatakiwa sokoni ukiwa na akili timamu ya kuomba punguzo.

Na zile saa za tiketi ni za kizungu za masaa 24. Kuzileta kwetu toa sita: 14:00 ni saa nane mchana, 22:00 ni saa nne usiku. Mtego mkubwa ni ndege za usiku wa manane. Tiketi ikiandikwa tarehe 14, saa 00:30, sisi tunasema saa sita na nusu usiku, lakini ni usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwanjani unatakiwa tarehe 13 jioni. Ukijipanga kwenda tarehe 14 usiku utakuta ndege yako imeondoka jana. Namjua mama mmoja yamemkuta, begi limejaa dola.

(Halafu kodi ya uwanja wa Guangzhou ni CAN, kutoka jina la zamani, Canton. Mteja wangu mmoja aliona CAN kwenye karatasi akaniuliza kwa nini mzigo wake umepitia Canada.)

Turudi kwenye mzigo. Kwa nini boksi linaachwa wakati ndege imeondoka?

Mizigo mingi ya wafanyabiashara wadogo inasafiri tumboni mwa ndege ya abiria. Humo chini kwanza yanaingia mabegi ya abiria, na abiria wa Guangzhou unawajua, kila mtu kajaza kilo zake mpaka ya mwisho. Kinachobaki ndiyo chetu. Abiria wakiwa wengi, au ndege ikihitaji kupunguza uzito, kinachoshushwa ni mzigo, siyo mtu. Ukiambiwa mzigo "umekosa nafasi", mara nyingi ni kweli, siyo uongo wa wakala. Ingawa na waongo wapo.

Ndege za mizigo mitupu nazo zipo. Air Tanzania walipokea Boeing 767-300F mwaka 2023, inabeba tani 54. Lakini ujue ndege ya aina ile ikijazwa kabisa inaruka kama kilomita 6,000 tu. Guangzhou mpaka Dar ni 8,700. Kwa hiyo ndege ya namna hiyo ikijaa haiwezi kuja moja kwa moja, lazima itue mahali iweke mafuta. Ndiyo maana ndege ya mizigo siyo lazima iwahi kuliko ya abiria.

Powerbank na betri tupu za lithiamu ni habari nyingine. Tangu tarehe 1 Aprili 2016 ni marufuku dunia nzima kusafirisha betri za lithiamu zenyewe kama mizigo kwenye ndege ya abiria, kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Zinapanda ndege za mizigo tu, kwa masharti yake. Hivyo ukichanganya powerbank tano na magauni kwenye boksi moja, boksi zima linaweza kusubiri kwa ajili ya hizo tano. Zitenganishe, na mteja wa powerbank mpe tarehe yake ya mbali.

Na kilo. Boksi langu la viatu lilikuwa na kilo 10 kwenye mzani, nikaandikiwa 14.4. Nilipiga simu nikiwa nimewaka. Wakala akanielewesha, na nikahakikisha baadaye kwamba alikuwa sahihi: kwenye ndege nafasi nayo ni mali, kwa hiyo wanapima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 6,000, kisha wanachukua namba iliyo kubwa kati ya hiyo na ya mzani. Boksi langu lilikuwa 60 kwa 40 kwa 36. Zidisha ni 86,400, gawa kwa 6,000 ni 14.4. Kwa dola 11 kwa kilo nilikuwa nimelipia dola 48 za hewa iliyokuwa ndani ya maboksi ya viatu. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka zinagawa kwa 5,000, kwa hiyo pale boksi lile lile linakuwa kilo 17 na kidogo. Siku hizi namwambia muuzaji atoe maboksi ya viatu, kila pea iingie kwenye mfuko, boksi la kumkabidhi mteja nanunua Kariakoo. Kwa viatu inasaidia sana. Kwa mikoba migumu usijaribu, itafika imebonyea, nilishajaribu.

Ukishajua yote haya, unamwahidije mteja?

Mimi nilianza kwa kuacha kabisa kutaja ndege. Mteja ananunua tarehe ya kushika kitu mkononi, habari ya ndege haimhusu. Nachukua hatua moja moja na kuandika siku mbaya ya kila hatua, siyo siku nzuri. Muuzaji kufunga: tatu. Kutoka kwake mpaka ghala la Guangzhou: nne, kama yupo Guangzhou hapo hapo moja. Kusubiri kupakiwa: nne. Ndege na kusubiri katikati: tatu. Forodha na ofisi ya wakala hapa Dar: tatu. Jumla 17. Mteja wa mkoani namwongezea mbili za basi. Kwa hiyo kwa mzigo wa ndege nasema wiki tatu. Ukifika siku ya kumi na moja ananiona malaika, ukifika siku ya 19 bado nipo ndani ya ahadi. Hizi namba ni za wakala wangu na wauzaji wangu. Za kwako zitoe kwenye oda zako mwenyewe, andika tarehe za mizigo mitano tu utaona picha. Wa meli ni habari ya CBM na wiki nyingi, tutaongea siku nyingine.

Wateja wengine watakukimbia. Wapo wanaosema "mbona fulani anasema siku saba?" Nawaambia mwache fulani akuletee. Kama shughuli ipo chini ya wiki tatu, nasema haiwezekani na namwelekeza duka la Kariakoo lenye mzigo tayari. Mwanzo iliniuma kupeleka hela kwa mtu mwingine. Siku hizi wale wa Kariakoo nao wananitumia wateja wenye oda za mbali.

Kwa wakala nauliza hivi kabla sijatuma boksi: mzigo wenu unafungwa siku gani za wiki, na mwisho wa kupokea ni saa ngapi? Boksi likichelewa kwa nusu saa linasubiri safari nyingine, kwa hiyo hili ndilo naanza nalo. Mnapita wapi, na mkikosa nafasi pale inayofuata ni lini? Halafu naomba namba ya mzigo wa ndege, ile inayoandikwa AWB. Ina tarakimu 11, na tatu za kwanza ni za shirika la ndege: 071 ni Ethiopian, 157 Qatar, 176 Emirates. Ukiwa nayo unaingia mwenyewe kwenye ukurasa wa mizigo wa shirika hilo. DEP ni mzigo umeondoka, ARR ndege imefika, RCF mzigo wenyewe umepokelewa kutoka kwenye ndege. Angalia hiyo RCF ya Dar. Siku ile ya skrinshoti mimi nilikuwa naangalia ndege, wakati ningekuwa na namba hii ningeona boksi bado lipo uwanja wa kati, na Ijumaa mchana maduka ya Kariakoo yalikuwa wazi. Pea 14 zingepatikana.

Mawakala wengine hawatoi AWB, wanakupa namba yao ya ndani tu, kwa sababu mizigo ya watu 200 inakwenda kwa AWB moja. Siyo lazima awe tapeli. Lakini kama hataki kukupa kabisa hata ukiomba kwa sababu ya mteja mwenye shughuli, mimi simpi mzigo wenye tarehe.

Kingine ni kalenda yao. Mwaka mpya wa Kichina hauna tarehe moja: 2026 ni 17 Februari, 2027 ni 6 Februari. Viwanda vinaanza kufunga kabla ya hapo, wafanyakazi wanarudi kwao mikoani, na kurudi kazini wanachukua muda. Pia wiki ya kwanza ya Oktoba wana sikukuu ya taifa. Kwenye vipindi hivyo ndege zinaruka kama kawaida, masaa kumi yale yale, ila hakuna mtu wa kufunga boksi.

Mimi oda za harusi za Februari na Machi nafunga katikati ya Desemba. Mwenye sendoff kipindi hicho anitafute mapema, na aje na saizi za miguu zilizopimwa, siyo za kukadiria. Ukikosea saizi, kubadilisha ni kilomita 8,700 kwenda na 8,700 kurudi.